UZI: Kambi ya ndege ya Eastleigh, na lile swali la "wageni waondoke au wabaki"

Wiki iliyopita kwenye mjadala wa kambi za kijeshi za kigeni, watu walitukanana hapa siku mbili nzima. Upande mmoja: waondoke hata leo, sisi ni nchi huru. Upande wa pili: wakiondoka mtalindwa na nani, na huo mdomo? Nilisoma maoni yote. Hakuna hata mmoja aliyetaja kambi ambayo wageni waliondoka kweli, hapa hapa Kenya, tena katikati ya Nairobi. Basi leo ni Eastleigh.

Masharti ni yale ya siku zote. Hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukitaka kumtaja mtu wako, fungua uzi wako. Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, mtoto wa Homa Bay, na hapa sipigii mtu debe.

Ukitaja Eastleigh kwa kijana wa leo atafikiria maduka: viatu, mapazia, simu, nguo za harusi, kila kitu kwa bei ya kupigania. Lakini ukiyapa maduka kisogo uelekee mashariki, unafika kwenye ukuta. Nyuma ya huo ukuta kuna uwanja wa ndege za jeshi. Upande mmoja una ghorofa za Eastleigh, upande mwingine una mabati ya Kiambiu, na katikati kuna nyasi na njia ndefu ya kurukia ndege ambayo mji umeizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Uwanja huo una umri mkubwa kuliko Jamhuri ya Kenya.

Tuanze na vita. Juni 1940 Italia iliingia Vita Vikuu vya Pili, na kwa ghafla Kenya ikawa na adui mlangoni, kwa sababu Waitaliano walikuwa Ethiopia na Somalia. Moyale ilianguka mikononi mwao Julai mwaka huo huo. Nairobi ikageuzwa kituo cha vita. Jeshi la anga la Uingereza, RAF, likajiwekea makao Eastleigh, na ndege za Waingereza na za Afrika Kusini zikawa zinatoka Kenya kwenda kupiga kaskazini. Aprili 1941 Addis Ababa ilikombolewa. Vijana wa Nyanza walikuwa kwenye safari hizo wakivaa sare za KAR, na wengine wao baadaye walipelekwa hadi Burma kupigana na Wajapani. Kwa hiyo anayesema kambi ya Eastleigh ilijengwa ili kutulinda sisi, ama ili kutukandamiza sisi, wote wawili wamekosea mwaka. Mwanzoni haikutuhusu kabisa. Ilikuwa ni vita vya Wazungu vilivyotukuta nyumbani.

Baada ya vita Eastleigh ikawa uwanja wa kazi mbili. Jeshi lilikuwa hapo, na abiria wa kawaida pia walishukia hapo. Huo ndio ulikuwa uwanja mkuu wa Nairobi. Shida ni kwamba haukufaa ndege kubwa mpya. Mei 1952 ndege ya kwanza ya abiria ya jeti duniani, Comet, ilipoanza safari za London hadi Johannesburg, ilitua Entebbe, si Nairobi. Naweza kufikiria jinsi walowezi walivyojisikia. Uganda imepata jeti na sisi tunaangalia! Kumbukeni hilo la Comet, tutalirudia kidogo.

Tarehe 20 Oktoba 1952 gavana alitangaza hali ya hatari. Na hapa ndipo kambi ya Eastleigh ilipobadilika tabia.

Mwanzoni RAF walitumia ndege ndogo za Harvard, zile za kufundishia marubani, wakazifunga mabomu madogo. Kisha Novemba 1953 zikaja Lincoln. Lincoln ni ndege nzito ya injini nne, iliyotokana na Lancaster iliyopiga miji ya Ujerumani. Ndege iliyobuniwa kubomoa viwanda ikawa inaruka kutoka Eastleigh, dakika chache tu, na kumwaga mabomu kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, kwa watu waliokuwa na bunduki za kujitengenezea na viatu vya ngozi ya mnyama. Zilikaa hadi katikati ya 1955. Kulikuwa pia na ndege ndogo zilizofungwa vipaza sauti. Hizo zilizunguka juu ya msitu zikiwaambia wapiganaji wajisalimishe. Hebu fikiria uko chini ya mianzi, una njaa, na mbingu inakuongelesha kwa lugha yako.

Je, mabomu yalifanya kazi? Hata maofisa wa Uingereza wenyewe walibishana juu ya hilo. Msitu ni mnene, shabaha haionekani, na mara nyingi waliopata shida walikuwa ndovu na nyati. Kilichovunja vita msituni hasa ni mambo ya ardhini: vijiji vya kulazimishwa, mitaro ya kuzuia chakula kisifike msituni, na ile operesheni ya Aprili 1954 iliyozingira Nairobi na kubeba maelfu ya watu hadi kambi za kuwazuilia. Mitaa ya Eastlands ilipekuliwa nyumba kwa nyumba. Yaani kambi ilikuwa jirani na watu wale wale ambao jamaa zao walikuwa wakipigwa na ndege zake.

Haya, turudi kwa Comet. Nairobi ilihitaji uwanja mkubwa, na eneo lililochaguliwa ni Embakasi. Nani aliujenga? Wafungwa. Maelfu ya watu waliozuiliwa wakati wa hali ya hatari walipelekwa Embakasi kuchimba, kusawazisha na kubeba mawe ya njia ya ndege. Uwanja ukafunguliwa 1958. Jengo la abiria tunalolijua leo lilikuja 1978, upande mwingine wa njia ya ndege. Mara ya mwisho nilipopita pale nilitafuta kibao chochote kinachotaja wale wafungwa. Nikaona matangazo ya benki.

Mwaka wa 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa kipindi hicho. Watu wanapenda kuitaja hiyo pesa kwenye mijadala kana kwamba hesabu imefungwa. Gawanya mwenyewe kwa simu uone kila mzee alipata ngapi, na ujue pia kwamba malipo yale yalihusu mateso kwenye kambi za kuzuilia, hayakuhusu mabomu wala jasho la Embakasi.

Sasa kuna kipande ambacho mijadala yetu huruka, na kwangu ndicho kitamu zaidi. Ungetarajia kwamba vita vya msituni vilipokwisha, Waingereza wangeanza kupunguza kambi. Walifanya kinyume. Mwaka wa 1956 walishindwa kisiasa Suez, na nchi za Kiarabu zikaanza kuwafungia anga. Kikosi kilichoko Uingereza kikawa hakifiki Ghuba kwa urahisi. Kenya ilikuwa kusini ya hicho kizuizi, ina hali ya hewa nzuri, ina viwanja. Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati viongozi wetu wanadai uhuru, Waingereza walikuwa wanatumia mamilioni kujenga kambi mpya kabisa Kahawa, iitwayo Templer Barracks, kwa ajili ya kikosi cha akiba.

Julai 1961 Iraq ilipodai kwamba Kuwait ni yake, kikosi kile kilipandishwa ndege kutoka Kenya hadi Kuwait, na ndege za kivita za Hunter zilizokuwa Eastleigh zikaelekea Ghuba. Yaani mafuta ya Kuwait yalilindwa kutoka Eastleigh. Hakuna mkulima wa Kanyaluo wala wa Rongo aliyeulizwa. Ila niseme ukweli wote: mwaka ule ule wa 1961, mvua kubwa zilipoleta mafuriko na njaa baada ya ukame, ndege kubwa za mizigo za Eastleigh, zile Beverley zenye tumbo kama la kiboko, zilidondosha magunia ya mahindi kwa watu waliokatwa na maji. Kuna watu walikula kwa sababu ya kambi hiyo. Ukiificha hiyo ili hoja yako ipendeze, si historia unayoandika, ni bango.

Uhuru ukaja Desemba 1963. Mwezi mmoja tu baadaye, wueh.

Januari 12, 1964, mapinduzi Zanzibar. Januari 20, askari wa Tanganyika waliasi. Januari 23, Jinja nchini Uganda. Januari 24, Lanet karibu na Nakuru. Malalamiko yalifanana: mishahara, na maofisa Wazungu waliokuwa bado juu yao baada ya uhuru. Serikali zote tatu mpya ziliomba msaada kwa mkoloni wa jana. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa Kenya walirushwa hadi Entebbe, wengine wakazima uasi wa Lanet, na Dar es Salaam waliteremka makomando kutoka melini.

Hapa upande wa "wabaki" huwa unapiga makofi. Si mnaona? Bila hao tungepinduliwa! Subirini kwanza muone jirani alivyofanya. Tanganyika ililivunja jeshi lake lote, ikaomba askari wa Nigeria kupitia Umoja wa Afrika wakae kwa muda, kisha Septemba 1964 ikaanzisha jeshi jipya kabisa, JWTZ. Kenya ilichagua njia nyingine. Ilisaini makubaliano na Uingereza mwaka huo wa 1964: askari wao waondoke kufikia Desemba 12, siku ya kuwa Jamhuri, lakini wapate ruhusa ya kupita angani na kuja kufanya mazoezi, na wao watufundishie jeshi na kutujengea jeshi la anga. Mazoezi ya Waingereza huko Nanyuki ambayo watu wanabishania leo yana mzizi wake hapo. Wageni waliondoka kwa mlango wa mbele, na ufunguo wa mlango wa nyuma wakabaki nao.

Jeshi la Wanahewa la Kenya lilizaliwa rasmi Juni 1, 1964. Ndiyo, Madaraka. Kwa hivyo ndege zilipopita juu ya Homa Bay mwaka wa 2025, tulipoandaa sherehe za taifa, walikuwa wanasherehekea na siku yao ya kuzaliwa, ila sijui ni wangapi uwanjani walijua. Eastleigh ilikabidhiwa kwa hilo jeshi changa. Lilianza na ndege ndogo za Chipmunk na Beaver, na makamanda wake wa kwanza walikuwa Waingereza hadi miaka ya 1970.

Kahawa nayo ilikabidhiwa, na hapo serikali ilifanya jambo ambalo mimi nalihesabu kati ya maamuzi bora ya miaka ile. Templer Barracks ikageuzwa kuwa chuo cha walimu, ambacho leo ni chuo kikuu. Walimu wengi waliotufundisha huku Homa Bay na Migori walilala kwenye mabweni yaliyojengwa kwa ajili ya askari wa kulinda Kuwait. Mtu akikuambia kambi ya kijeshi haiwezi kuwa kitu kingine, mpeleke Kahawa.

Sasa Wamarekani, kwa sababu hao ndio mnaopenda kubishania.

Kambi yao kubwa ya zamani Afrika Mashariki haikuwa Kenya. Ilikuwa Asmara, ikiitwa Kagnew. Walifika 1943 kwenye kituo cha redio kilichoachwa na Waitaliano. Asmara iko juu sana, zaidi ya mita 2,300, na redio inasikika safi, kwa hiyo kazi yao ilikuwa kusikiliza mawasiliano ya dunia. Mwaka wa 1953 walisaini mkataba wa miaka 25 na mfalme wa Ethiopia. Yeye akapata silaha na mafunzo, wao wakapata masikio. Maelfu ya Wamarekani waliishi pale na familia zao. Waeritrea, ambao ardhi ilikuwa yao, hawakuwa upande wowote wa meza. Silaha zile zile zikaja kutumika dhidi yao walipodai uhuru. Mfalme akapinduliwa 1974, na Aprili 1977 wanajeshi waliomrithi wakawafukuza Wamarekani kabla hata mkataba haujaisha.

Kilichofuata ni kama abiria kubadilishana viti kwenye matatu. Ethiopia ilihamia kwa Wasovieti. Somalia, iliyokuwa imewapa Wasovieti Berbera, ikawatimua Novemba 1977. Kisha Wamarekani wakaja Berbera. Baada ya Iran kupinduka 1979 na Wasovieti kuingia Afghanistan, Marekani ilitafuta milango kuzunguka Bahari Hindi yote, na 1980 ikapata makubaliano na Oman, Somalia na Kenya. Kwetu walipata ruhusa ya kutumia bandari ya Mombasa na viwanja vya Embakasi na Nanyuki. Si kambi yenye bendera. Ruhusa tu. Hiyo ndiyo akili ya makubaliano ya kisasa: hakuna ukuta wa kuandamana mbele yake. (Kisiwani Diego Garcia ilikuwa rahisi zaidi: wenyeji wote waliondolewa kati ya 1968 na 1973, wakatupwa Mauritius na Shelisheli.)

Nasi tulikuwa tumepata ndege za F-5 kutoka Marekani 1978, zikakaa Nanyuki. Shikeni hapo.

Jumapili, Agosti 1, 1982. Huku kwetu ukimtajia Eastleigh mzee wa miaka 65 na kuendelea, hafikirii mapazia. Anafikiria asubuhi hiyo.

Wanahewa wa vyeo vya chini walichukua Eastleigh, Embakasi na Nanyuki, wakaingia Sauti ya Kenya na kutangaza kwamba serikali imeanguka. Nanyuki waliwalazimisha marubani kwa mtutu wapande F-5 wakapige shabaha Nairobi. Marubani wakapaa, wakajifanya wanatii, halafu wakaenda kuyamwaga mabomu kwenye msitu wa Mlima Kenya. Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje. Msitu ule ule. Mara ya kwanza mabomu ya Mwingereza yaliyokusudiwa kuua Wakenya, mara ya pili mabomu ya Kenya yaliyotupwa ili yasiue Wakenya, na hakuna hata mmoja aliyeuomba msitu radhi.

Jeshi la nchi kavu lilizima jaribio hilo siku hiyo hiyo. Lakini watu zaidi ya 100 walikufa, maduka yaliporwa, wanawake walidhulumiwa, hasa wa familia za Kihindi. Kiongozi wa waasi alipanda ndege hapo hapo Eastleigh akatorokea Tanzania, baadaye akarudishwa akanyongwa. Jeshi zima la Wanahewa lilivunjwa. Lote! Mpishi, fundi, karani, aliyeasi na aliyekuwa likizo kijijini. Mamia walifungwa. Likaundwa upya kwa jina la '82 Air Force, na jina la zamani halikurudi hadi miaka ya 1990. Kambi ya Eastleigh ikapewa jina la rais wa wakati huo.

Kwa Nyanza Kusini hili halikuwa habari ya redio. Vijana wengi wa Nyanza walikuwa wameingia Wanahewa kwa sababu ilikuwa kazi ya waliosoma: injini, redio, umeme. Baada ya Agosti, kuwa fundi wa ndege mwenye jina linaloanza na O ilikuwa ushahidi wa kutosha machoni mwa wengi. Waliorudi walirudi bila pensheni, wengine bila afya, na wakanyamaza. Unaweza kukuta kando ya ziwa mzee anayerekebisha injini za boti kwa ustadi usioeleweka, na ukimuuliza alijifunzia wapi anakuambia tu: Nairobi. Jaduong' wa namna hiyo hatakuambia zaidi, na usimlazimishe.

Sasa turudi kwenye matusi ya wiki iliyopita tukiwa na haya mkononi.

Hoja kwamba kambi ya kigeni inazuia mapinduzi: mwaka wa 1964 askari wa kigeni waliizima Lanet, kweli. Lakini walioasi walikuwa wamefundishwa na hao hao, na kilichowaudhi, mbali na mshahara, ni kwamba hao hao walikuwa bado makamanda. Mwaka wa 1982 tulikuwa na makubaliano na Marekani ya miaka miwili tu, na wanahewa waliasi vilevile, na waliowazima ni Wakenya. Askari huasi kwa sababu ya mambo yaliyomo ndani ya kambi: chakula, malipo, dharau ya wakubwa. Mkataba na nchi ya ng'ambo haugusi huko.

Hoja kwamba wageni wakiondoka tunakuwa huru: Eastleigh waliondoka. Ukuta ukabaki. Mwaka 1963 raia wa Kiambiu hakuruhusiwa kuingia na leo haruhusiwi. Sisemi bendera haina maana, ina maana kubwa sana. Nasema bendera inajibu swali la nani anaamuru mle ndani, haijibu swali la nani aliulizwa.

Na hapa niwapeleke Ulaya kidogo, maana mtu fulani aliandika kwamba nchi zilizoendelea hazina shida na kambi za Wamarekani. Kuna uwanja Berlin unaitwa Tempelhof. Wanazi waliutumia, na wakati wa vita wafanyakazi wa kulazimishwa waliunda ndege za kivita mle ndani. Baada ya vita Wamarekani waliuchukua, na 1948 na 1949 Wasovieti walipofunga barabara za kwenda Berlin, ndege zilitua hapo mfululizo zikileta unga na makaa ya mawe. Jeshi la Marekani liliondoka miaka ya mwanzo ya 1990. Safari za ndege zikakoma 2008, na 2010 ukafunguliwa kuwa bustani, zaidi ya hekta 300 katikati ya mji wenye uhaba wa nyumba. Serikali ya jiji ikataka kujenga pembezoni. Mei 2014 wakazi walipiga kura ya maoni, wakasema hapana, pasiguswe. Leo watu wanaendesha baiskeli kwenye njia ya ndege, na kuna vibao vinavyoeleza habari za wale wafanyakazi wa kulazimishwa.

Najua mtaniambia, omera, Nairobi si Berlin, na Eastleigh bado ni kambi inayofanya kazi. Sawa. Sidai tupande maua pale kesho. Ninachowaonyesha ni kwamba Wajerumani nao walibishana, tena sana, na uamuzi ukafanywa kwa karatasi ya kura ambayo kila mtu aliiona. Embakasi wafungwa wetu walifanya kazi ya aina ile ile, na sisi tunavuta masanduku ya magurudumu juu yao.

Na mambo ya leo si historia peke yake. Huko Archers Post mabomu yaliyoachwa bila kulipuka kwenye viwanja vya mazoezi yaliua na kukata viungo vya wafugaji kwa miaka mingi, na 2002 Uingereza ililipa pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya watu 200. Mwaka wa 2012 mwanamke kijana aliuawa Nanyuki, na ilichukua hadi Septemba 2025 mahakama ya Kenya kutoa hati ya kumkamata aliyekuwa askari wa Uingereza. Moto wa Lolldaiga 2021 uliteketeza maelfu ya ekari wakati wa mazoezi. Kwa upande mwingine wa mizani, Januari 5, 2020, al-Shabaab walishambulia Manda Bay, Lamu, wakaua Wamarekani watatu na kuchoma ndege. Hao watatu walikufa kwenye ardhi yetu wakipigana na adui ambaye pia ni wetu. Usiwacheke.

Kabla ya 2010 rais angeweza kukubali jambo kama hili ofisini, na wewe ukalisikia kwa BBC. Sasa kuna Katiba, Kifungu cha 240, ibara ndogo ya 8. Baraza la Usalama wa Taifa ndilo linaloweza kukubali majeshi ya kigeni kuwekwa Kenya, na ni lazima kwa idhini ya Bunge. Maneno machache hayo yana nguvu kuliko maandamano yote ya hashitegi, kwa sababu yanafanya swali kuwa la mbunge wako, yule yule anayekuja mazishi Jumamosi na bahasha. Ametaka kuona mkataba? Alipiga kura gani? Fidia ya mkulima imeandikwa ukurasa gani, na askari akiua raia anashtakiwa wapi?

Kwa hiyo kwa yeyote atakayekuja hapa chini na "waondoke" au "wabaki", sawa, karibu. Njoo na Hansard ya siku Bunge lilipoidhinisha. Bandika picha ya ukurasa. Wa kwanza nitamnunulia samaki pale pwani ya Homa Bay, mwenye kichwa chake, na ugali wa mtama.